Barua ya wazi kwa Mtunza Kumbukumbu za Vita vya Mfalme

Mheshimiwa Mtunza Kumbukumbu,

YAH: MPAGAZI WENU, NAMBA MNAYO WENYEWE

Salamu nyingi kutoka Handeni. Sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu ya mafaili yenu.

Fomu ya kuombea taarifa za jamaa aliyetumikia jeshi nimeipokea, na nimeijaza kwa unyenyekevu wote unaoistahili nembo iliyo juu yake. Cheo: kubeba. Kikosi: chochote kilichokuwa na mizigo. Tarehe ya kuzaliwa: wakati wa palizi. Tarehe ya kuachishwa kazi: bado, kwa hesabu zetu yuko zamu tangu 1916, na likizo hajapewa. Mahali pa sahihi nimeweka dole gumba, ili mwandiko wangu usiutie aibu wa kwake. Nilipokwama ni kwenye kiambatisho. Mnataka cheti cha kifo. Mheshimiwa, mtu huyu alitoka nyumbani kwa miguu yake, akiwa hai, chini ya ulinzi wenu. Cheti hicho ndicho tulichokuwa tunakisubiri kutoka kwenu.

Ni baba yake babu yangu. Alianza kubebeshwa na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Juni 1916 majeshi ya Mwingereza chini ya Jenerali Smuts yakaingia Handeni, Mjerumani akajivuta kusini, na mabega yaliyobaki yakapata mwajiri mpya bila kupumua. Hakuna aliyemuuliza yuko upande gani. Morogoro ilitekwa Agosti. Kufika Januari 1917 vita viko Rufiji, na mvua za mwaka ule zikalifanya bonde zima kuwa maji matupu. Wapagazi walilala humo humo, wakala unga wa mahindi ambao haukuiva, na kuhara damu kukawamaliza wengi kuliko risasi. Hapo ndipo habari zake zilipokatikia.

Mkewe hakujua aanze eda lini. Eda ina hesabu yake, miezi minne na siku kumi, na hesabu inataka siku ya kuanzia. Akabaki si mke, si mjane. Mbuzi wa marehemu hawakugawiwa kwa kuwa marehemu mwenyewe hajathibitishwa, na shemeji zake wakawa wanawatazama wale mbuzi wakizaana kwa uchungu mkubwa. Mwishowe wazee wakakata shauri kwamba imetosha. Siku waliyoitaja ndiyo tunayoihesabu kuwa ya kufa kwake mpaka leo. Kwenye fomu, penye sababu ya kifo, nimeandika: kikao cha wazee.

Najua mtaniletea habari ya moto. Mwenye kuwatafuta askari wa Vita Kuu ya Kwanza huambiwa mapema kwamba Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliangukia ghala la nyaraka la Wizara ya Vita mjini London, na takriban asilimia 60 ya majalada ya askari yakateketea. Ukihamia upande wa pili unaambiwa kwamba Aprili 1945 ndege za Uingereza ziliipiga Potsdam, na hifadhi ya nyaraka za jeshi la Prussia ikaenda na moto. Basi Mjerumani kamchomea Mwingereza, Mwingereza kamchomea Mjerumani, wamelipana. Nimezisoma habari hizi kwa masikitiko na, niseme ukweli, kwa wivu. Faili likiungua, maana yake lilikuwapo.

Maana yaliyosalimika nayo nimeyaona. Fungua shajara ya vita ya kikosi cha mstari wa mbele, zile kurasa zilizopigwa taipu kambini, karatasi imekuwa rangi ya chai. Luteni akishikwa na homa, utalipata jina lake, cheo chake na siku aliyopelekwa hospitali. Akirudi, utajua karudi. Mstari wa chini yake unasema wapagazi, halafu tarakimu. Kesho yake wapagazi tena, tarakimu imepungua. Nimejaribu kumtambua mzee wangu katika ule upungufu, kwa kutumia kioo cha kukuzia mlichoniazima kwa ukarimu, sikufanikiwa.

Tusiwaonee makarani wote. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi cha wapagazi kutoka Nairobi, alihangaika sana na orodha ili mishahara iwafikie wenyewe. Ila hata orodha ikiwapo, utamtafuta kwa herufi gani? Athumani mmoja, kwa masikio ya karani mgeni, anaweza kulala Asmani akaamka Othman na kufika Kilwa akiwa Osumani. Vita vilipokwisha, zikabaki fedha za watu ambao wao wala warithi wao hawakuonekana. Maofisa wa huku waliomba angalau zitumike kwa manufaa ya Waafrika, London ikakataa. Hawapatikani! Nalisema hili kwa mshangao wa kweli, kwa sababu watu haohao mwaka 1917 walipatikana vizuri sana. Walipatikana shambani, walipatikana kisimani, walipatikana usiku wamelala. Na baada ya vita, ulipofika wakati wa kodi, kila kibanda kilipatikana, hata kile cha bibi kizee kilichojificha nyuma ya mbuyu.

Mwaka huo huo wa 1917 ndipo ilipoundwa London tume ya makaburi ya vita, na kanuni yake ikawa nzuri mno: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo wala rangi. Aprili 2021 tume hiyo ikatoa ripoti ya kujikagua. Ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, ama hawakukumbukwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Serikali yenu ikaomba radhi bungeni. Radhi tumeipokea. Lakini hebu tuitazame hiyo hesabu pamoja, Mheshimiwa: kati ya 116,000 na 350,000. Hapo katikati wanaelea watu 234,000. Mkusanya kodi wenu angerudi wilayani na pengo la namna hiyo, angekula chakula cha usiku gerezani.

Wala msiseme haiwezekani. Januari 2025 huko Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya watu 1,772 wa vikosi vya kazi, kila mmoja kwa jina lake. Kumbe majina yapo, yakitafutwa. Sisi Dar es Salaam tuna askari wa shaba tangu 1927, maneno yake ya Kiingereza mliyaagiza kwa Rudyard Kipling mwenyewe. Ni sanamu nzuri. Jina la mtu hata moja haina.

Wajerumani nao walikuwa na tatizo kama lenu. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wao wa zamani waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na karatasi, basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye kwata. Wote wakafaulu. Sina hakika na ule ufagio, lakini utaratibu wenyewe naupenda, na ninaomba na sisi tufanyiwe usaili. Mpango ule ulikuwa wa askari, sasa uje wa wapagazi. Leteni sanduku la risasi, ratili 50 au 60 kama zile zao, na muwapange vitukuu kwa mstari kuanzia hapa Handeni. Atakayefika Rufiji kwa miguu, akila unga mbichi, aandikwe kuwa ni ndugu halali wa marehemu. Atakayefia njiani atakuwa amethibitisha zaidi. Ninachoomba ni kwamba safari hii msimamizi awe na kalamu.

Mwisho, kuhusu ada ya utafutaji mnayotaka niilipe kabla kazi haijaanza: ikateni kwenye mshahara wake. Chenji nitaifuata mwenyewe.

Naomba kuwasilisha,

Kitukuu wa mpagazi,
Handeni