Sifa za Mrija Uliopotea Njia

Kuna waliosifu farasi, kuna waliosifu jahazi. Mimi nausifu mrija wa kuzamia, ule wa plastiki wenye mdomo wa mpira uliotafunwa na meno ya mtu nisiyemjua, ulioingia Kolwezi, mji wetu wa migodi nchini Kongo, ndani ya balo la mitumba pamoja na miwani yake. Niliukuta sokoni umelala kati ya soksi zisizo na wenzake. Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Watu wameshawahi kutushukia kwa miavuli, wale askari wa Ufaransa wa Mei 1978, lakini mwenye mapezi ya mpira miguuni bado hajafika.

"Papa, hii ni ya asma," aliniambia mama muuzaji.

"Na miwani?"

"Ya kukatia vitunguu."

Nikatoa faranga zangu bila kubishana. Msomi halipwi kwa kupunguziwa bei.

Na kweli, miwani ile ni hazina. Inafunika macho na pua kwa pamoja, jambo ambalo aliyeitengeneza kwa ajili ya samaki hakujua kwamba ametutengenezea sisi. Malori ya madini yakipita kuelekea mpakani Kasumbalesa, vumbi jekundu hupanda mpaka shati jeupe ulilolianika asubuhi linarudi ndani limebadili ukoo. Nimepanda pikipiki nimeivaa, mrija mdomoni, na watoto wa njiani wakanipigia saluti. Nyumbani mke wangu aliuchukua mrija akaugeuza kuwa wa kupulizia mbabula: makaa yanashika moto, uso wake uko mbali na moshi, na bukari, ugali wetu, inaiva mapema. Sijui kama kuna mtalii aliyewahi kufaidi mrija kiasi hicho.

Utauliza kuhusu maji. Tunayo. Tuna mto Lualaba, na tuna ziwa la Nzilo nyuma ya bwawa la miaka ya 1950. Mimi nilijaribu penye kijito wanapooshea madini. Nilitumbukiza uso, nikaona rangi ya chai ya maziwa, nikatoka.

Tena mrija wangu si mtoto wa mtaani, una nasaba. Babu yake ni ile kofia ya mzamiaji ya karne ya 19, aliyoitengeneza August Siebe mjini London: shaba inayong'aa, vidirisha vya kioo, na mpira mrefu uliopanda mpaka mashuani, ambako wanaume walizungusha pampu ili mwenzao aliye chini apate pumzi. Siku hizi matajiri huzinunua kofia hizo kuukuu kwa maelfu ya dola wakaziweka sebuleni karibu na televisheni. Sisi, ambao mababu zetu walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina iwe misalaba kabla Mzungu hajaijua njia ya huku, tumeangukiwa na plastiki. Hewala.

Lakini fadhila kubwa ya mrija ni kwamba haudanganyi. Umepimwa mfupi, kama mkono kutoka kiwikoni, na una sababu. Ukizama mita moja tu maji yanakukandamiza kifua hata mbavu zinashindwa kufunguka. Ukiurefusha, pumzi uliyoitoa haifiki nje; inabaki njiani, na wewe unaivuta tena, ileile, mpaka kichwa kinazunguka. Basi mrija unakupeleka pale unapoweza kukurudisha.

Nenda nao Kasulo uulinganishe. Mtaa ule, tangu mkazi mmoja alipochimba uani mwaka 2014 akakutana na hetero, mawe yenye kobalti, watu wametoboa viwanja, vyumba, hata jikoni. Mashimo mengine yanapita mita 30. Huko chini hakuna maji ya kukubana kifua, ila ile pumzi ya kuvutwa mara ya pili ipo tele. Wenye uwezo huweka juu mashine ya kupuliza hewa na kuteremsha mpira mrefu; wasio na uwezo huteremka hivihivi. Mashine, mpira, mtu chini, mwenzake juu ambaye hapaswi kusinzia wala kuishiwa mafuta: ndicho chombo cha Siebe kizimakizima, kasoro kofia. Kofia iko sebuleni kwa tajiri, na huenda simu anayoipigia picha ina kobalti yetu ndani ya betri yake.

Kijana wa jirani, mmoja wa bakrezeri, wachimbaji wa mashimo hayo, aliuona mrija wangu ukutani. Akaushusha, akaupima kwa shubiri, akacheka.

"Papa, hii inafika wapi?"

Nikamwonyesha kiwiko.

"Ukiunga kumi?"

Nikamweleza habari ya pumzi inayobaki njiani. Alinyamaza kidogo, nadhani alikuwa anaijua kuliko mimi. Kisha akaurudisha kwenye msumari na kuniomba miwani, ya vumbi, alisema, ataileta Jumapili.

Mrija umebaki kwa mke wangu.