Vichwa Kumi na Kimoja Si Jalada, Ni Timu ya Mpira
Mwongozo kwa aliyekabidhiwa jalada la jarida la filamu, na bosi keshaanza kupiga simu

Kwanza itazame filamu. Itazame yote, mpaka majina ya mwisho yapite. Majalada mengi mabaya yametengenezwa na watu ambao hawajaiona filamu yenyewe: wametumiwa picha ishirini kwa WhatsApp, wakaambiwa "hiyo ya yule dada ndiyo kali, iweke kati," wakaiweka kati. Ukimaliza kuitazama, rudia huku umezima sauti. Andika kwenye karatasi sura moja ambayo bado unaiona ukifumba macho. Sura hiyo ndiyo jalada lako, na kazi yote iliyobaki ni kuilinda dhidi ya watu wenye nia njema.

Tuchukue mfano ulio hai: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, filamu iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuoneshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Humo mna Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee naye akaikimbia ndoa hiyo. Mna Denge, kijana anayepambana na utawala wa Mwingereza. Mna Mwajuma, rafiki mwenye nyumba iliyo wazi na sauti ya taarab. Mna Unguja ya miaka ya 1950 na vichochoro vyake. Vyote hivyo ni vizuri, na ndipo hatari ilipo, kwa maana mkutano wa jalada ukianza kila mtu atakuwa na chake. Wa matangazo atamtaka Denge, kwa kuwa wasichana watanunua. Wa mauzo atataka watatu wote. Atatokea mwingine, yuko kila ofisi huyu, atakayeuliza kama haiwezekani kuongeza jahazi.

Jibu ni Yasmin peke yake. Haki sawa kwa wahusika itatendeka kurasa za ndani. Jalada ni uamuzi, na mtu anayeogopa kuamua huweka vichwa kumi na kimoja vikielea juu ya moto, kimoja kikubwa, vingine vikipungua kadiri ya malipo ya wenyewe, na chini kabisa gari linalolipuka ambalo kwenye filamu halimo. Kava za filamu zilizokuwa zikiuzwa Kariakoo enzi za VCD zilituzoesha hivyo. Nazipenda filamu nyingi zilizokuwa ndani ya kava hizo, na ndiyo sababu kava zenyewe ziliniuma: mwigizaji aliyelia kwa ustadi dakika tisini alipewa nafasi ya ukubwa wa kifungo cha shati.

Walioheshimu uso mmoja hawakupata hasara. Jarida la Kifaransa la Cahiers du cinéma lilipotoka mara ya kwanza, Aprili 1951, lilikuwa na rangi ya manjano na picha moja ya nyeusi na nyeupe, ya Gloria Swanson katika Sunset Boulevard. Basi. Manjano ile ikawa sahihi yao kwa zaidi ya miaka kumi, hata mtu akiiona kwa mbali ajue ni wao. Little White Lies la London, lililoanza mwaka 2005, limejijenga kwa kuchagua filamu moja kila toleo na kuchora uso wa mhusika wake jalada zima. Mchoro, si picha ya kamera, nao unauza. Ukiwa na mchoraji hodari mtaani kwako, mmoja wa wale wanaopamba daladala na kuta za saluni, mpe kazi hiyo na umlipe kama msanii.

Ukiamua kutumia picha, usiikate kwenye filamu yenyewe. Hili huwa gumu kueleweka, kwa hiyo nalitolea hesabu. Skrini ya sinema imelala, jalada limesimama. Picha ya filamu yenye ubora wa 2K ina kimo cha pikseli 1,080. Ukikata humo kipande kilichosimama chenye umbo la A4, unabaki na upana wa pikseli kama 764 hivi. Jalada la A4 linalochapwa vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, linahitaji 2,480 kwa 3,508. Yaani utaivuta picha zaidi ya mara tatu, na uso wa Yasmin utageuka vigae vya bafuni. Filamu ya 4K itakusogeza mbele, lakini hata yenyewe haifiki.

Kwa hiyo picha ya jalada hupatikana siku za kurekodi, miezi kabla ya jarida kufikiriwa, kwa mpiga picha aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu na kukumbushwa aisimamishe kamera yake. Watayarishaji wetu wakibana bajeti, huyu ndiye hukatwa wa kwanza. Kisha filamu ikikamilika, wanahangaika kutafuta picha ya kupeleka kwenye matamasha, magazetini na ukumbini, hawana, wanaishia kuipiga picha skrini ya kompyuta kwa simu. Ndugu mtayarishaji, mlipe mtu wa picha. Chakula cha siku mbili cha waigizaji wa pembeni kinagharimu zaidi yake.

Sasa nifike kwenye ngozi, na hapa sina haraka.

Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi zao kwa kadi iliyokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha hiyo na Kodak. Akitoka vizuri Shirley, mashine imekaa sawa. Ngozi ya mtu wa Kigoma au Kisumu haikuwemo kwenye kipimo, ndiyo maana picha nyingi za zamani za shule zina meno na macho tu. Kadi zimeondoka, tabia imebaki. Msanifu anafungua picha ya mwigizaji mweusi, anaona giza kidogo shavuni, na badala ya kurekebisha mwanga anaupandisha weupe wa uso wote. Huko ni kumchubua mtu kwa kompyuta. Dawa za kuchubua tunazikemea madukani, halafu tunamchubua dada wa watu mbele ya nchi nzima, na yeye mwenyewe hakuomba.

Na si ngozi tu. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka jaladani mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o, nywele zake za asili zikiwa zimefutwa nyuma na kulainishwa mbele zifanane na wazo la mtu mwingine kuhusu kichwa cha mwanamke. Lupita alizitandaza hadharani picha mbili, ya asili na iliyorekebishwa, akaeleza alivyovunjika moyo. Jarida likaomba radhi, mpiga picha naye akaomba radhi. Mwigizaji mwenye Oscar alisikika. Binti wa Mbagala anayetokea jaladani kwa mara ya kwanza atamlalamikia nani?

Dawa ipo, tena rahisi, mradi ianze mapema. Mwanga utoke ubavuni, upate kitu cha kung'aa nacho kwenye shavu na paji la uso. Nyuma ya mwigizaji pasiwe na ukuta mweusi wa kummeza. Mafuta kidogo ya ngozi husaidia kuliko poda, kwani poda isiyolingana huleta rangi ya majivu. Ukifika kwenye kompyuta, fungua vivuli taratibu na uiache rangi ya mtu ilivyo. Halafu kumbuka kwamba wino hupanuka kidogo unapogusa karatasi, na kwenye karatasi isiyo na mng'ao hupanuka zaidi. Kinachoonekana kahawia ya kuvutia kwenye skrini kitashuka ngazi moja au mbili kikichapwa. Omba karatasi ya majaribio, ya rangi kamili, kutoka kiwanda kilekile kitakachochapa. Itazame mchana, nje, chini ya jua, kwa sababu huko ndiko jarida litakakokaa.

Jarida letu kweli hukaa juani. Dar es Salaam hulazwa mezani kwenye kona ya kituo cha basi. Nairobi hutandazwa chini pembeni mwa njia, likashikizwa na jiwe upepo usilichukue. Nafasi ni finyu, kwa hiyo muuzaji hulipanga likiwa limefunikwa nusu na jirani yake, na linaloonekana ni ukanda wa juu. Jina la jarida na macho ya mhusika yakae humo. Ukiliteremsha jina katikati kwa ajili ya ubunifu, umelizika. Kichwa cha mwigizaji kinaweza kulifunika jina kidogo, na hupendeza kikifanya hivyo, lakini subiri mpaka watu walijue jarida lako hata likikosa herufi mbili. Toleo la pili bado.

Pale mezani pia kuna wale wasomaji wetu wa kusimama, mikono nyuma, wanaosoma vichwa vyote vya habari bila kununua kitu, kisha wanakwenda kuvijadili. Wengine huwaona kero. Mimi nawaheshimu sana. Hao ndio wahariri wa mwisho wa jalada, na hawana muda wa kukupendelea. Sentensi isiyowafanya wainame kidogo haina kazi jaladani.

Basi maneno. Weka machache: kichwa kikubwa kimoja cha filamu kuu, vidogo vitatu au vinne vya habari nyingine. Vitoe kwenye habari iliyomo ndani, ukiwa umeshaisoma. Magazeti ya udaku yametuachia msamiati wa kelele, "siri nzito yafichuka", "mapya yaibuka", "usipime", na alama za mshangao tatu tatu, na msomaji amekwisha kuuzoea kiasi kwamba hausikii tena. Kwa Vuta N'kuvute ningeandika hivi: "Yasmin aikataa ndoa, Unguja yaukataa ukoloni." Filamu yote imo humo, hakuna aliyepiga kelele, na mwisho haujatobolewa. Kutoboa mwisho jaladani ni wizi: umemwibia mtazamaji dakika ambayo mwongozaji alihangaika nayo miaka.

Andika kwa Kiswahili. Mashujaa wa filamu za vibanda umiza wanatafsiriwa kwa Kiswahili, DJ Afro kapata jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa lugha ya watu wake, halafu jarida linalozungumza na watu haohao linajipachika maneno ya Kiingereza ili lionekane la maana. Msomaji amekwishaelewa dharau hiyo. Ila ukubali shida moja ya lugha yetu kwenye ufundi huu: maneno yake marefu. "Wanaomsubiri" ina herufi kumi na mbili, na hairuhusiwi kukatwa katikati kwa kistari, jaladani kamwe. Chagua fonti nyembamba iliyosimama, na usizidishe fonti mbili. Uipime kwa maneno yako mwenyewe, maana kila fonti hupendeza ikiwa imeandika neno fupi la Kiingereza.

Rangi itoke kwenye filamu. Kila jalada siku hizi lina machungwa upande huu na bluu upande ule, hata kama hadithi inatokea shambani Njombe kwenye ukungu. Tazama khanga aliyovaa mhusika, rangi ya mlango, taa ya chumba. Chukua moja iwe ya herufi, nyingine iwe ya nyuma. Badilisha picha kuwa ya rangi nne za uchapaji mapema, kabla hujaipenda, kwa kuwa bluu kali ya bahari na kijani cha skrini havimo kwenye wino na vitapauka.

Mengine ni ya fundi na hayachukui muda. Ongeza milimita 3 nje ya kila ukingo, kisu kisije kikaacha mstari mweupe. Maneno yasikaribie ukingo chini ya milimita 10. Acha sehemu ya msimbopau tangu siku ya kwanza, msimbo unaoanza na 977 kwa majarida yenye namba ya ISSN, usije ukaupachika usiku wa mwisho juu ya mkono wa mwigizaji. Uwe mweusi juu ya weupe. Msimbo mwekundu mashine haiusomi. Picha iwe na ruhusa ya maandishi ya mwenye nayo, na jina la mpiga picha lichapwe ndani kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Kabla hujatuma, lipunguze jalada kwenye simu mpaka lilingane na ukucha wa kidole gumba, kwa maana wengi watakutana nalo hivyo, kwenye status ya mtu. Uso ukitambulika na jina likisomeka, tuma. Bosi akisema pana nafasi tupu kulia, mwambie kwa adabu: "Bosi, hapo ndipo anapopatazama Yasmin." Macho ya mhusika yanahitaji mahali pa kwenda. Ukiijaza nafasi hiyo kwa tangazo la kushinda simu, atakuwa anatazama tangazo la simu, na hilo ndilo watu watakalolikumbuka.

Siku ya kuchapa uende mwenyewe kiwandani. Karatasi za mwanzo mashine haijatulia, rangi hupanda na kushuka. Simama na fundi, shika uso wa karatasi ya majaribio kando ya uliotoka mashineni, mwambie pale panapohitaji kupunguzwa nyeusi au kuongezwa nyekundu. Wanajua kazi yao na hufurahi kukuta mtu anayejali. Rangi ya shavu ikikaa, tia saini karatasi hiyo ibaki kuwa kipimo cha nyingine zote. Nakala mbili zitakazotoka kwanza zikiwa kamili, kabla ofisi haijaanza kugawana, moja mpelekee mpiga picha na nyingine mwigizaji.