Namna ya Kutisha Watu Bila Kujua Chochote

Umekaa kijiweni Igunga, Tabora, kahawa imefika, wenzako wanajadili bei ya pamba na wewe huna hata moja la kuchangia. Usihangaike. Ajuaye huulizwa maswali; atishaye hupishwa kiti. Fuata hatua hizi.

1. Bana maneno. "Sawa tu." "Tutaona." "Yangu macho." Haya matatu yanakufikisha msimu ujao. Usithubutu kufafanua. Ukisema "mtapata hasara," utaulizwa kiasi gani, na hesabu zilikupiga chenga tangu shule ya msingi. "Yangu macho" haina swali la nyongeza.

2. Cheza na kikombe. Kifikishe karibu na mdomo, kisha kisimamishe. Puliza kahawa iliyokwisha kupoa. Tazama upande wa mbuga ya Wembere kana kwamba kuna kitu kinakuja. Kinachokuja ni ng'ombe, lakini hiyo ni siri yako. Teremsha kikombe bila kunywa, guna, useme, "Haya."

3. Nunia mvua. Igunga ni nchi kame, na mvua yake haina adabu: mwaka huu inagoma, mwaka ujao Wembere inajaa maji. Wewe kunja uso tu Novemba, huwezi kukosea. Ikigoma, ulisema. Ikizidi, ulisema. Ikinyesha vizuri na mtama ukastawi, nong'ona, "Kweleakwelea nao wameuona." Bei ya pamba ikipanda, tikisa kichwa: "Ngojeni."

4. Tafuta jina. Wakubwa wa Tabora walilijua hili zamani. Mtyela Kasanda, mtemi wa Urambo, alijiita Mirambo, yaani maiti. Kule Ukimbu alitawala mwingine mwenye jina zito, Nyungu ya Mawe. Mwaka 1871 Mirambo alifunga njia ya misafara ya Ujiji, na matajiri wa Unyanyembe wakalala macho. Ila kumbuka, nyuma ya jina lake walikuwapo rugaruga, askari wake wenye bunduki. Nyuma ya lako ipo baiskeli ya kuazima. Anza taratibu, na "Mzee wa Tutaona."

5. Chagua wa kumtisha. Mpwa anayekuomba nauli anafaa sana. Mzaramo, hapana. Utani wa makabila yenu, uliokomaa enzi za misafara, umempa ruhusa ya kukucheka hata msibani kwenu. Mwambie "utanikumbuka," naye atakuuliza unakufa lini, ajipange kwa nauli. Muuza kahawa naye mwache: ana daftari la madeni, na jina lako limo.

6. Jua pa kuishia. Kuhusu mvua, pamba na bei, tisha utakavyo, hakuna atakayeumia. Lakini kijiwe kikianza kumjadili bibi wa jirani, usigune, usiseme "yangu macho." Kanda hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kisa macho mekundu, na macho hayo mara nyingi yameiva kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Hapo fafanua: sema wazi kwamba ni moshi. Utapoteza sifa yako ya kutisha. Ipoteze, kisha lipa kahawa ya watu.