Pigo la Kumi na Sita Liko Wapi?

Mpiga gitaa hufumba macho anapoingia kwenye solo, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Akiyafumbua dakika sita baadaye, katika baa yoyote ya Katoro au Kahama, anakuta aliyebaki mbele yake ni mhudumu anayekusanya chupa. Waliokuwa wakicheza wamejipanga ukutani wanamtazama kwa huruma, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba hadharani. Bendi ikikunja nyaya utasikia maelezo: watu wa machimbo hawajui jazz. Nasema wanaijua mno, na kule kuondoka kwao ni uhakiki wa muziki ambao magazeti yetu hayajawahi kuuandika.

Tuutazame muziki wenyewe unaowaponza wapigaji, ile jazz iliyochanganywa na fanki na vyombo vya umeme, iliyopamba moto Marekani baada ya Miles Davis kutoa Bitches Brew mwaka 1970. Mwaka uliofuata Herbie Hancock alitoa albamu iitwayo Mwandishi, ndiyo, kwa Kiswahili hichohicho, na wanabendi wake nao wakajipa majina ya kwetu. Wa besi akawa Mchezaji, wa dramu Jabali, wa tromboni Pepo Mtoto, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson akaitwa Mganga, jina lililomkaa vizuri kwa kuwa alikuwa daktari kweli. (Pepo na mganga jukwaa moja: Shinyanga wangeuliza tu mbuzi yuko wapi.) Kibao cha kwanza humo kina mapigo 15 kwa mzunguko, na utamu wote uko kwenye hilo moja lililokosekana. Chukua mzunguko wa mapigo 16, nane na nane, ukanyage hatua moja kwa kila pigo. Mguu wa kulia unaanza, wa kushoto unafunga, na mzunguko ukirudi unaukuta wa kulia unangoja pale pale. Sasa ng'oa pigo moja: nane, halafu saba. Mzunguko unafungwa na mguu wa kulia, na "moja" mpya inaangukia wa kushoto, ambao haukuarifiwa. Mzunguko wa pili unarudisha deni, maana 30 inagawanyika kwa mbili, kwa hiyo mwenye subira atajikuta sawa. Besi nayo haijali, inarudia yaleyale kama karasha linalosaga mawe, na sikio likishazoea, lile pengo halikwazi tena, linasukuma. Ni ufundi wa kumfanya mtu asahau bia yake. Ila sikio huzoea likiwa limekaa. Mguu ulioshinda ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji, tangu alfajiri hauna muda wa kungoja deni lilipwe mzunguko wa pili. Na wacheza ngoma ya bugobogobo hurusha jembe hewani wakalidaka. Wapunguzie pigo moja kimyakimya, uone litatua kichwani kwa nani.

Tena huku miguu ina mamlaka. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma vinavyojinasibisha na waganga Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno kwa kucheza wakati mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Mshindi ni aliyevuta watu wengi kwake. Kuhama ni kura, na jamii iliyozoea kupiga kura ya namna hiyo haibaki mbele ya gitaa kwa adabu tu.

Atatokea wa kuniambia kwamba umati hupenda vyepesi. Basi anieleze habari ya Tabora Jazz na Segere Matata yao, au Western Jazz na Saboso. Neno jazz kwenye majina hayo halikuahidi New Orleans. Lilimaanisha bendi ya kisasa ya dansi. Lakini rumba iliyotoka Kuba ikapita Kongo, ikakutana na ngoma za hapa na magitaa ya umeme, kama si mchanganyiko ni nini? Solo na sekondi solo zilisukana kama ukili, na watu hawakuhama. Siri ni kwamba rizim na besi zilikwisha kuituliza miguu, ndipo solo ikaruhusiwa kupotea itakako.

 

Kura ninayoikataa ni ya noti. Mwimbaji akitaja jina la mwenye duara, mwenye duara anainuka na kumbandika pesa kwenye paji la uso, mara tatu kwa wimbo mmoja, wakati vidole vinavyoubeba wimbo huo viko hatua mbili nyuma, gizani. Hili halichekeshi. Ni mgawo uleule wa shimoni: anayeshuka na tochi kichwani husubiri mpaka gharama, mwenye eneo na mwenye duara wamekwisha kutolewa chao, na hakuna wimbo unaomtaja. Mpiga gitaa yeye huletewa soda. Mara nyingi huwa imeshafunguliwa.