Namna ya Kuwaibia Wavulana Mpira

Mwalimu mwenzangu wa michezo, sogea tunong'one. Ukisimama mstarini ukahutubia usawa wa kijinsia, wavulana watakupigia makofi, kisha watakwenda na mpira, na wasichana watabaki pembeni wakiwashikia masweta. Achana na hotuba. Tumia hila.

Kwanza, fungia mpira ofisini tangu asubuhi, ufike nao uwanjani wewe mwenyewe. Mpira ukikutangulia, wababe wa darasa la saba watakuwa wameshagawana namba, na kuwatoa ni kazi.

Pili, usiwaachie manahodha wachague. Anayechaguliwa wa mwisho kila wiki hujifunza jambo moja tu: kusingizia tumbo. Hesabisha foleni nzima moja, mbili, moja, mbili. Wenye moja huku, wenye mbili kule. Basi.

Tatu, anza na rede, ule mchezo wa kukwepa mpira huku unajaza chupa mchanga. Hila hii naipenda kuliko zote. Weka wavulana katikati, warushaji wawe wasichana waliocheza rede tangu hawajaanza shule. Nyota wako wa soka atapigwa mpira wa mgongo kabla hajajaza mchanga hata robo ya chupa. Usimcheke, wala usiruhusu mtu acheke. Ataomba kurudia, maana hakuna mvulana anayekubali kulala na aibu hiyo. Akirudia akapigwa tena, mwite msichana hodari amfundishe kukwepa. Kuanzia hapo atamwita kwa jina lake, na siku ya mpira wa miguu atampa pasi.

Nne, tumia kanuni za mbali, watu huziheshimu. Mwaka 1902 mwalimu mmoja wa Amsterdam, Nico Broekhuysen, alibuni korfiboli, mchezo wa kikapu unaochezwa na wanawake na wanaume katika timu moja. Siku hizi kila timu ina wanawake wanne na wanaume wanne. Hakuna kukimbia na mpira, mvulana humkaba mvulana, msichana humkaba msichana. Mwenye maguvu hana pa kuyapeleka, lazima atoe pasi. Magoli yako ya netiboli yanatosha kuanzia. Tangaza kwamba hizi ni sheria za kimataifa, na ni kweli, uone watakavyozishika.

Sasa mwalimu mkuu. Kwake usiende na neno haki, nenda na neno kombe. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, ina mashindano ya wasichana pia. Mkumbushe Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana, mwaka 2022 kule India: Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali. Macho yakimng'aa, omba papo hapo mipira miwili na maji chooni. Ukilazimika kuchagua, chukua maji. Msichana aliye hedhini, asiye na mahali pa kujisitiri, hatakuja uwanjani hata ukimnunulia mipira kumi.

Limebaki fagio. Kipindi cha michezo kinapoanza, angalia nani bado anafagia darasa na nani yuko bombani na ndoo. Panga upya zamu za usafi kwa makundi yale yale ya moja na mbili, majina yamechanganyika, uibandike ratiba Ijumaa jioni watu wanapoondoka. Jumatatu akija mvulana kuuliza, msomee jina lake na umwonyeshe ndoo ilipo.