Sabufa Yenye Mnyapara

Nampongeza shemeji yangu. Ameagiza sabufa ya servo, ile yenye kitambuzi kwenye koni: koni ikicheza isivyoamriwa, kitambuzi kinaichongea kwa amplifaya, nayo inarudishwa kwenye mstari papo hapo. Hata wajumbe wetu wa nyumba kumi hawasimamiwi hivyo.

Sasa yuko kwenye krosova, yaani pale sabufa inapoachia na spika ndogo zinapopokea. Wengi huweka hezi 80 wakakaa kusikiliza, maana chini ya hapo sikio halitambui vizuri sauti inatoka upande gani. Watu wa pupa hao. Yeye alianza Ramadhani. Tumeshakula Idi zote mbili, naye bado anapima kati ya 78 na 82. Mahari ya dada tuliimaliza jioni moja.

Sebule ni mita 3 kwa 3, na wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu. Si neno, litabanana kama abiria wa daladala. Kabati limeshaanza kuitikia: besi ikishuka, vikombe vya harusi vinagongana. Dada alishauri sabufa itolewe pale konani. Maskini, hajasomea servo.

Wimbo? Bado. Kwa sasa anapiga mluzi wa kupimia, unaopanda na kushuka. Juzi nilimuuliza lini tutasikia taarabu, akanionyesha grafu. Ni grafu nzuri sana, jamani, nendeni mkaione.