Inama Kidogo: Mwongozo wa Neno "Tall" kwa Asiyejua Hatari Zake

Mwongozo huu ni wa mtu mzima, mwenye akili zake timamu, aliyeambiwa tangu shule ya msingi kwamba "tall" maana yake ni refu, akaamini, akaenda zake. Aliyebobea katika Kiingereza haumhusu, wala asiyekijua kabisa. Hao wawili wako salama. Anayepata ajali ni huyu wa katikati, anayejaza fomu ya viza, anayemsifia mgeni au anayeagiza kahawa uwanja wa ndege huku akitegemea imani ile ile ya shuleni.

Chanzo cha ajali ni ukarimu wetu. Kiswahili kina "-refu" moja, na kila mwenye urefu hukaribishwa humo: mnazi mrefu, nyoka mrefu, kisima kirefu, safari ndefu, hotuba ndefu ya mgeni rasmi. Hatuulizi kama kitu kimesimama, kimelala au kimechimbiwa chini. Mwingereza anauliza. Nyoka wake ni "long", kisima ni "deep", mnazi ni "tall", mlima ni "high". Ukimchanganyia atakuelewa vizuri tu, ila atatabasamu kidogo, na tabasamu lile ndilo linalouma.

Basi kanuni yenyewe, kwa kadiri Kiingereza kinavyokubali kuwa na kanuni. "Tall" ni ya kitu kilichosimama wima kutoka chini, chembamba kwa kulinganisha na kimo chake: mtu, mti, twiga, mnara, bomba la moshi la kiwanda. "High" ni ya kilicho mbali na ardhi, kama wingu, dari na rafu ya juu, au ya kitu kikubwa kilichotandaa, kama mlima na ukuta. Maneno haya mawili ni wake wenza: wanasalimiana, wanaazimana chumvi, lakini kila mmoja ana zamu yake, na ole wake mgeni anayegonga mlango usio wa zamu.

Anayetaka mfano mmoja wa kukariri autafute Kilimanjaro. Mwaka 2016 watafiti waliopima miti katika mabonde ya mlima huo walitoa taarifa ya mti wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika. Makala yao ya kisayansi waliipa kichwa "Africa's highest mountain harbours Africa's tallest trees". Mlima ni "highest", miti ni "tallest", wote ndani ya sentensi moja, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Ningekuwa mwalimu wa Kiingereza ningekibandika kichwa hicho ukutani na kuwapa wanafunzi mapumziko.

Lakini usishangilie mapema. Kuna mlima Hawaii uitwao Mauna Kea, ambao juu ya usawa wa bahari una mita 4,207 tu, yaani hata Kilimanjaro wenye mita 5,895 unauacha mbali. Chini ya maji, hata hivyo, umejiinua kutoka sakafu ya bahari, na ukiupima mzima mzima unapita mita 10,000. Hapo wapenda ubishi husema Everest, mita zake 8,849, ni "highest", na Mauna Kea ni "tallest". Waongoza watalii wa Moshi nao wana taji lao: Kilimanjaro ndio mlima mrefu kuliko yote duniani inayosimama peke yake. Kila upande unaanza kupima pale panapoufaa, na Kiingereza kimeupa kila upande neno la kujitetea.

Sasa tuje kwa watu, maana huko ndiko kwenye polisi. Swali sahihi la kimo ni "How tall are you?" Usivimbe kichwa ukiulizwa, hujasifiwa. Linaulizwa hivyo hivyo kwa mcheza kikapu na kwa mtu anayehitaji kigoda ili afikie swichi ya taa. Jibu ni namba, na pengine watataka futi, kila futi ikiwa sentimita 30.48. Ila kamwe usimgeuzie mwenzako swali hilo kwa kusema "How high are you?" Hapo humuulizi kimo. Unamuuliza amevuta kiasi gani, na stimu zimempandisha hadi wapi. Ukilitamka mbele ya ofisa wa forodha mwenye mbwa wa kunusa, mwongozo huu hauna sura ya kukusaidia.

Mtoto mchanga ana sheria yake. Kwa kuwa hupimwa amelala, yeye ni "long", na siku atakaposimama ukutani akachorewa alama ya penseli ndipo atakapopandishwa cheo kuwa "tall".

Haya ni ya juu juu. Hatari kubwa iko kwenye ukoo wa neno, kwa sababu ukilifuata nyuma karne kwa karne, urefu unapotea njiani. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormani hawajavamia mwaka 1066, kulikuwa na neno "getæl", na maana yake ilikuwa mwepesi, aliye tayari, asiyesubiri kuitwa mara mbili. Hakuna mtu aliyetazama juu. Katika karne ya 14 mshairi Chaucer alimwandika Mars, mungu wa vita, akiwa amelegezwa na mapenzi ya Venus hadi akawa "tal", yaani msikivu, mtiifu, wa ndiyo mama. Baadaye likawa neno la uzuri, la mtu mwenye umbo la kupendeza. Kisha likahamia kwenye ushujaa, na mtu "tall" akawa jasiri, hodari wa upanga. Ni katika karne ya 16 tu ndipo urefu wa mwili ulipoingia na kujikalia, na wapangaji wa zamani wakaanza kuhama mmoja mmoja.

Kwa nini ushujaa ugeuke kimo? Naona si ajabu. Nasi tukisema "pande la mtu" au "mtu wa miraba minne" hatujachukua futi kamba. Tunasema kwamba huyu usimchokoze. Mwingereza alianza na woga huo huo, ila yeye baadaye alileta kipimo.

Matokeo yake ni kwamba vitabu vya Kiingereza vya wakati ule vimejaa mitego. Ukisoma kwamba fulani ni "tall fellow", usimchore mrefu kabla hujajua kama anasifiwa kwa mabega au kwa moyo. William Shakespeare aliliona pengo hilo akacheza ndani yake. Katika tamthilia yake "Twelfth Night", ya mwanzoni mwa miaka ya 1600, mlevi Sir Toby anamsifu rafiki yake Sir Andrew kwamba ni "tall". Maana zote mbili zilikuwa hai siku zile. Sir Andrew ni mwoga asiye na mfano, na akiletewa habari za kupigana kwa panga miguu inamkataa. Waongozaji wengi wa jukwaani humpa nafasi hiyo mwigizaji mwembamba mrefu kama ngongoti, ili sifa iwe kweli kwa macho na uongo kwa vitendo. Mwanafunzi anayetafsiri "mrefu" na kupita hapati kicheko, na kichekesho kisichochekesha ni adhabu ndefu.

Mabaki ya ukoo huo bado yanatembea mitaani. "Tall ship" hapo zamani ilikuwa merikebu nzuri, imara. Leo ni jahazi kubwa la milingoti mirefu, na watu hupanga mstari bandarini kulipiga picha. "Tall tale" ni kazi ya Wamarekani wa karne ya 19: ni kisa kilichotiwa chumvi hadi kikashindwa kulika, kama vile vya Paul Bunyan, mkata magogo mkubwa kuliko misitu aliyoikata. Mzungu akikuambia kisa chako ni "tall", usimshukuru. Na bosi akisoma ombi lako la nyongeza ya mshahara akasema ni "a tall order", usikae ofisini kusubiri apande ngazi alifikie. Anasema ni gumu kutimizwa, yaani amekataa kwa adabu.

Heshima na vyeo, kwa upande mwingine, vilichukuliwa na "high", na huko "tall" hana kitu. Mahakama Kuu ni "High Court". Balozi wetu wa London ni "High Commissioner", kwa kuwa ndivyo nchi za Jumuiya ya Madola zinavyoitana, na wa Washington ni "Ambassador". Kwetu wote ni waheshimiwa mabalozi. Ukimwita wa London "Tall Commissioner" huenda akacheka, hasa kama kweli ni mrefu.

Limebaki suala la kahawa, ambalo ndilo lililowapata wengi. Katika maduka ya Starbucks, kikombe kiitwacho "tall" ndicho kidogo kuliko vyote kwenye ubao wa kahawa ya moto katika maduka mengi. Hakuna fumbo hapo, ni historia ya biashara. Zamani kulikuwa na "short", "tall" na "grande", yaani kubwa kwa Kiitaliano, na "tall" kweli ilikuwa ndefu mbele ya "short". Baadaye likaja jina jingine la Kiitaliano, "venti" yaani ishirini, kwa wakia zake. Kikubwa hicho kilipoingia, "short" ikaondolewa ubaoni, na "tall" ikajikuta mwisho wa foleni bila kupungua hata tone. Kwa hiyo anayeagiza "tall" akitarajia ndoo hupewa kama mililita 355, na anayeagiza "venti" akidhani ni jina la kahawa hulala saa tisa usiku. Mwenye kiu ndogo au pesa ndogo aombe "short". Maduka mengi hayaiandiki ubaoni, lakini ukitaja jina mara nyingi watakumiminia.